Mjomba, Hatukutatana

Msambweni,
mwaka wa pili wa Uhuru

Kwako Mjomba,

Shikamoo sikuiandika, na usidhani nimesahau. Tangu nilipojua kusema sijapata kukuona nisikuamkie, hata siku zile tulipokuwa hatutazamani usoni. Leo nimekaa mezani, nikaliandika neno hilo, nikalitazama, nikalikata. Mtu huamkiwa kwa vile alivyo kwa mwenziwe, nami sijui tena wewe ni nani kwangu.

Najua barua hii utasomewa na mkeo mdogo huko Tanga ulikohamia, na jirani zako watasikia. Hapa nyumbani nakala yake nimeiacha wazi, yeyote wa ukoo atakaye kuisoma aisome. Uliyoyafanya uliyafanya mbele za watu. Majibu yake nayo hayana haja ya kujificha.

Hamisi, mwanao, alinijia Alhamisi iliyopita. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kiwanda cha sukari, sijavua hata viatu. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha barazani kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Kaka, baba akusalimu sana."

"Nimezipokea."

"Asema yale mambo yenu na Salimu yamemkaa moyoni. Asema watu hutatana, na watu hutatuliwa. Mwezi ukiandama atakuja, akae kati yenu kama mjomba, ayatatue."

"Ayatatue nini, Hamisi?"

Akacheka kile kicheko chake cha kuomba radhi. "Kaka, mimi nimetumwa tu. Mjumbe hauawi."

Mama, dada yako wa tumbo moja, alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Akasema bila kutoka: "Hauawi, lakini chai yangu hanywi."

Hamisi aliondoka na kiu yake. Usimlaumu, na mimi simlaumu. Lakini neno ulilompa kulibeba limebaki hapa, na ndilo lililonishikisha kalamu. Kutatana! Mjomba, hii ni mara ya tatu unalitumia neno hilo juu yetu, na mara zote tatu nimelisikia kwa masikio yangu au kwa mjumbe wako. Mara mbili nilinyamaza.

Nianze mbali kidogo, maana sitaki mtu asome aseme nimekutukana bila kukumbuka wema wako. Nakumbuka. Wewe ndiye uliyenifundisha kufua nazi. Nilikuwa mdogo, kifuo kilinifika kiunoni, ukasimama nyuma yangu ukanishika mikono yote miwili na kuisukuma nazi kwenye ile ncha. "Usiiogope," uliniambia, "ukiiogopa ndipo itakapokuchoma." Nilipoweza kulibandua kumbi la kwanza mwenyewe ulimwita mama aje aone, ukanipigia vigelegele kama mwanamke, watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nakumbuka pia mwaka nilipokubaliwa shule ya sekondari. Baba alikuwa na wasiwasi. Aliona Mombasa ni mbali, na kwamba nikirudi nitakuwa mtu mwingine. Wewe ulikuja kutoka Diani kwa miguu, ukamwambia, "Shemeji, mtoto huyu ni wako kwa chakula, ni wangu kwa akili. Mwache aende." Baba akacheka, na nikaenda. Ulikuwa ukiniambia mara kwa mara, "Mimi ni mama yako mwenye ndevu." Nami niliamini. Kwetu sisi Wadigo hilo si neno la mzaha. Mjomba ni mama. Baba anakulisha, mjomba ndiye mwenye wewe, na siku mjomba akifa, kwa ada ya wazee wetu, mali yake haishukii kwa wanawe. Hurudi kwa mpwa, mwana wa dada yake. Nilikua nikijua kwamba Salimu, mwana wa shangazi yangu, ndiye mrithi wa baba, na kwamba mimi ndiye mrithi wako. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha hayo. Niliyajua kama nilivyojua njia ya kwenda kisimani.

Nilijua vilevile kwamba sheria ya dini yetu ina njia nyingine, kwamba mtoto humrithi babake. Ada na sheria ziliishi pamoja katika nyumba zetu kama wake wenza wanaosalimiana. Kila ukoo ulijua jinsi ya kuzipatanisha, huku kidogo na huku kidogo, na mara nyingi hakuna aliyelala na njaa wala na kinyongo.

Baba alifariki mwaka wa kabla ya Uhuru. Siku ya tatu ya matanga mimi na Salimu tulikaa kwenye jamvi moja, na dada yangu Mwanaidi akiwa karibu nasi, kwa kuwa suala la urithi lilimhusu pande zote mbili. Baba yake ndiye aliyekufa, na Salimu ndiye mumewe. Wazee waliwaoza binamu hawa wawili kwa makusudi, ili mali isitembee mbali na jamaa isikatike. Mazungumzo hayakuchukua muda wa kuchemsha uji. Salimu alisema, "Mimi nitabaki na minazi ya upande wa kisima, ile niliyoipanda pamoja na marehemu mjomba tangu miche. Iliyobaki yote ni yenu. Na mbata tuzianike uwanja mmoja kama zamani." Nikamwambia, "Na tuzianike uwanja mmoja." Mama akaitikia, "Amina." Shangazi, mamake Salimu, akalia kidogo, akasema kakake angefurahi. Usiku ule katika shajara yangu niliandika: Yamekwisha kwa amani.

Wewe ulikuwa ukinicheka kwa shajara ile. "Huyu hata akipiga chafya aandika tarehe." Basi, yale uliyoyafanya baada ya hapo nimeyaandika pia, na ninayakumbuka hata nisipofungua.

Ulikuja siku ya arubaini. Ulingoja watu wale pilau, waombe dua, waanze kutawanyika. Ndipo uliponiita nyuma ya jiko, pale pale penye kifuo.

"Nasikia umegawa mali ya babako."

"Tumepatana, Mjomba. Salimu ni ndugu yangu, na ni shemeji yangu."

"Ndugu! Ndugu yako kwa nazi. Wewe umesoma mpaka darasa nisilolijua jina, na bado waibiwa kwa ada ya wazee waliokuwa hawajui hata kutia udhu?"

"Hajaiba. Ameomba upande mmoja tu, na ameupanda mwenyewe."

"Sikiliza, mwanangu. Serikali mpya yaja. Hawatauliza ada, watauliza hukumu imeandikwa wapi. Leo Salimu ni mmoja, kesho ana wana kumi, na wote watasema minazi ni ya mpwa. Twende Kwale kwa Kadhi, ukapewe haki yako kwa sheria ya Mungu."

"Baba hakupenda kesi."

"Babako alikuwa mpole, Mungu amrehemu. Upole ni maradhi. Mimi ndiye mama yako. Nikikwambia simama, simama."

Na nikasimama. Tulipanda Kwale kwenye lori la makuti, wewe mbele na dereva, mimi nyuma na mwiba wa kuti shingoni. Kadhi alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Alitusikiliza, kisha akauliza swali moja ambalo sitalisahau. "Je, baina yenu na huyo binamu hakuna sulhu iliyokwisha kufanyika?" Alimtazama kila mmoja wetu. Sulhu ilikuwapo. Ilifanyika kwenye jamvi, mbele ya mama na shangazi. Wewe ulijibu kabla sijafungua mdomo: "Hakuna, Sheikh. Wametupiana maneno tu."

Mimi nilinyamaza, na fungu langu katika hilo nalijua. Leo nasema lako. Kadhi alihukumu kwa yale aliyoambiwa, na kwa yale aliyoambiwa alihukumu sawasawa. Shamba lote, na minazi yote, ya kisimani na ya barabarani, ikawa ya watoto wa marehemu.

Kesho yake asubuhi ulikuwa shambani kabla yangu, na panga umelitia makali. Mgeni hajui, lakini sisi twajua: kila mnazi wa kwetu una alama yake iliyochanjwa shinani, na mtu anaweza kumiliki mti katika ardhi isiyo yake, mradi alama yake ipo. Alama ya baba ilikuwa mikato miwili ya kulala. Katika minazi ya kisimani baba mwenyewe aliongeza mkato wa tatu, wa kusimama, ili watu wajue hiyo ni ya Salimu. Alama ya mtu haifutwi akiwa hai. Sijapata kusikia mtu aliyefuta alama ya mwenziwe bila ya mwenyewe kuitwa na kuulizwa mbele ya wazee. Wewe ulianza na mnazi wa kwanza, ukaukata ule mkato wa kusimama, ukaubandua ganda lote mpaka mti ukatoa maji.

Salimu alitoka upande wa kisima, kikoi kimelowa. Alisimama akatazama.

"Mjomba, huo nimeupanda mimi."

"Ulipanda, hukurithi."

"Alama hiyo aliichanja marehemu kwa mkono wake."

"Marehemu hana mkono tena."

Wakwezi uliowaleta wakacheka. Salimu akanigeukia mimi. "Na wewe, huna mdomo?"

"Anao," ukasema wewe, "ila ni wa mahakamani." Wakacheka tena.

Salimu alinirukia, nami nikamrukia. Tuliviringishana kwenye makumbi, watu wawili tuliolala kitanda kimoja utotoni, tukiumana kama mbwa. Mpaka leo nina kovu chini ya sikio, na yeye kidole chake kimoja hakikunjiki. Watu walikuja mbio kutoka barabarani wakauliza kuna nini. Na wewe, Mjomba, ulikuwa umesimama kando ukijipepea kwa kofia. Nililisikia jibu lako nikiwa na mchanga mdomoni: "Hakuna kitu. Vijana hawa wametatana tu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, maana mimi ni mtu wa kufikiri maneno, na kwa hilo pia ulikuwa ukinicheka. Watu wetu wanalitumia kwa mambo mengi. Mshipi wa kuvulia hutatana ndani ya kikapu ukiachwa ovyo. Nywele za mtoto hutatana akilala bila kusukwa. Kamba ya kumbi hutatana ukiisokota na mawazo yako yako kwingine. Katika hayo yote hakuna mkosaji. Mshipi haukukusudia, nywele hazikukusudia, mtu huketi akatatua polepole bila kumkasirikia mtu. Ndiyo maana ni neno zuri la kuwasemea watu waliogombana. Linawaondolea aibu. Likisemwa na mzee mwenye nia njema huwa kama maji ya baridi, kwa kuwa linamaanisha: hapa hakuna mbaya, hebu tutafute ncha ya uzi.

Lakini liko jambo ambalo neno hilo haliwezi kulibeba, nalo ni mtu aliyeshika nyuzi mbili zilizonyooka, akazizungusha kwa mikono yake, akavuta mpaka zikakazana, kisha akafungua viganja na kusema, tazameni, zimetatana. Mtu huyo hana haki na neno hilo. Akilitumia analitumia kama kitambaa cha kufutia panga.

Yaliyofuata unayajua, lakini nitayaandika, kwa sababu Hamisi amesema yamekukaa moyoni na nataka nihakikishe yote yamekaa. Salimu alimwacha Mwanaidi. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimletea vyombo vyake hadi mlangoni kwa mama, akavipanga vizuri, akasema, "Siwezi kulala na dada wa mtu aliyenifuta." Mwanaidi alikaa eda na binti yao Riziki, aliyekuwa na miaka sita, wakilala chumba kimoja na mama. Tulidhani msiba umefikia hapo. Kwa ada yetu mtoto ni wa upande wa mama. Hata ndoa ivunjike, Riziki angekua kwetu, nami mjombake ndiye ningekuwa mwenye kumlea.

Wiki ya Uhuru Msambweni nzima ilikuwa ikifunga matao ya makuti barabarani. Watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo, Riziki akiwa mmoja wao, amefungwa utepe kichwani. Salimu alikuja mchana, pamoja na wazee wawili wa upande wake, akapiga hodi kwa adabu.

"Nimemjia binti yangu."

Mama akamwambia, "Salimu, mtoto ni wa huku. Wewe wajua ada."

"Najua, mama mkwe. Lakini ada si ninyi mlioipeleka Kwale ikazikwe? Mlisema mtoto ni wa baba na mali ni ya baba. Basi mimi ndiye baba."

Nilisimama mlangoni. Kila neno ambalo lingemzuia nilikuwa nimekwisha kulikana mbele ya Kadhi, kwa kinywa chako. Labda sheria hiyo hiyo ingemsaidia mama wa mtoto, kama tungerudi kuuliza. Mama alikataa. "Kwale tulikwenda mara moja," alisema, "na tulirudi na hiki." Riziki aliondoka na utepe kichwani, akamwuliza babake kama huko anakokwenda watoto nao wataimba.

Wazee walikaa baada ya sherehe kulizungumza jambo hilo, nawe ulikaa nao, kwenye kiti. Mwanaidi aliomba aseme. Ulimnyamazisha kwa upole, ukawageukia wazee: "Haya ni ya kawaida katika jamaa. Hawa wametatana. Tuwape muda." Mara ya pili. Wazee wakatikisa vichwa, wakakubali kutoa muda, wakaenda zao kula. Muda huo Mwanaidi aliuhesabu kwa nywele za mtoto asiyemsuka.

Hata hapo, Mjomba, nilikuwa bado nakutetea. Nilimwambia dada yangu, "Mjomba alikosea, lakini alinitakia mema." Nilisema hivyo kwa miezi. Mpaka uliponialika Diani.

Uliwaita watu wa ukoo wote kwako. Wageni walikuwa wameanza kupita pita wakiulizia viwanja karibu na pwani, na shamba lako lilikuwa la kutazamwa. Ulinikalisha mbele, ukaniwekea mto. Ukasema umezeeka, na kwamba unataka kuwapa wanao shamba lako ukiwa hai. Mzee mmoja akauliza, kama ilivyo haki yake kuuliza: "Na mpwa wako je? Ada yasemaje?" Ndipo ulipoweka mkono begani kwangu. Nausikia mkono ule mpaka sasa.

"Mpwa wangu? Mpwa wangu huyu ndiye aliyetufungulia njia! Yeye mwenyewe alikwenda kwa Kadhi kusema mpwa harithi. Hukumu imeandikwa. Atasemaje leo kwamba mpwa anarithi? Au vipi, mwanangu?"

Watu walicheka, si kwa ubaya, kama wanavyocheka watu wakiona mchezo wa bao umefungwa vizuri. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu mto ulikuwa laini na sikujua uso wangu niuweke wapi. Niliyaelewa yote mara moja. Tangu pale nyuma ya jiko hukuwa ukiitazama minazi ya baba. Ulikuwa unatazama shamba lako. Ulihitaji mtu wa kuvunja ada ambaye si wewe, ili asiwepo wa kukulaumu, na ulimchagua yule yule ambaye ada ilikuwa ikimlinda. Ulinipeleka Kwale nikajifute mwenyewe. Na ili nifike huko ilibidi kwanza nigombane na mtu ambaye sikuwa na ugomvi naye.

Na sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa hili ndilo linalonifanya nishindwe kukusamehe. Ungeniomba, ningekupa. Ungekuja siku yoyote, ukasema, "Mwanangu, nataka shamba langu liende kwa kina Hamisi, niachie," ningesimama mbele ya ukoo nikasema nimeacha. Nina kazi, nina mama, sina haja na Diani. Wewe ulinijua tangu kifuo kilipokuwa kikinifika kiunoni, na hukunijua kiasi cha kuniomba. Uliona ni rahisi zaidi kuteketeza nyumba ya dada yako kuliko kumwomba mpwa wako neno moja.

Mwezi uliopita shangazi alifariki. Habari zilikufika, nawe hukuja. Kaburini waliitwa jamaa wa karibu washuke kumpokea. Salimu alishuka kwa kuwa ni mwanawe, nami niliitwa kwa kuwa ni mwana wa kakake, na hakukuwa na mwingine wa damu. Tulikuwa hatujasemezana tangu wiki ya Uhuru. Kaburi ni jembamba, hakuna pa kumpa mwenzio mgongo. Maiti ilipoteremshwa akaniambia, "Shika kichwa." Nikamwambia, "Nimeshika." "Polepole. Mgeuze kibla." "Haya." Tulimlaza mwanandani, tukaziweka mbao moja baada ya moja, yeye akipokea na mimi nikipanga. Tulipotoka alinipa mkono kunivuta juu, ule wenye kidole kisichokunjika. Hakuuachilia mara moja.

"Riziki amlilia bibi yake," akasema. "Usiku halali. Ataka mamake."

"Mlete."

"Nitamleta. Ila sitaki kusikia habari za sheria wala za ada. Nimechoka nazo zote mbili."

"Na mimi."

"Na yule mjomba wako nisimwone."

"Hutamwona."

Ndiyo yote. Juzi tulikaa tena kwenye jamvi, pale pale, bila mzee wala shahidi ila mama na Mwanaidi. Minazi ya kisimani imerudi kwake. Nimekwenda mwenyewe na panga, naye akiwepo, nikamwuliza kama ada inavyotaka, akanionyesha pa kuchanja. Ganda ulilobandua halijafunga, kwa hiyo alama tumeiweka juu zaidi. Riziki anakaa kwa mamake, na Ijumaa anakwenda kwa babake. Mmoja wa jirani alitania kwamba sasa lililobaki ni arusi ya pili. Mwanaidi akamjibu, "Mimi si mnazi, sirudishiwi alama." Salimu akainamisha kichwa, akasema, "Ni haki yake." Hilo halikutengenezeka, Mjomba, na sidhani litatengenezeka. Lihesabu katika yale yaliyokukaa moyoni.

Kwa hiyo hakuna cha kutatuliwa. Mama amenituma nikuambie maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyasema, ingawa mimi nisingeyasema: "Mwambie akija kama kaka yangu nitampa maji ya kunawa. Akija kama mtatuzi, asivuke hata mpaka." Hayo ni ya dada na kakake. Ya kwangu ni mafupi zaidi. Usije. Mwezi ukiandama kaa uliko, funga saumu zako, na ukiulizwa na watu wa huko kwa nini huendi kwenu, usiwaambie tulitatana. Waambie ulitutatiza. Neno lipo, ni letu sote, na ndilo lako.

Nilikuwa na mengine ya kuandika lakini Riziki yuko mlangoni, ameshika nazi kwa mikono miwili, ataka nimfundishe kuifua. Ananiita kwa jina lile lile nililokuwa nikikuita wewe. Naona anauogopa ule mti wenye ncha. Sitamwambia asiuogope. Nitamwonyesha ulivyo mkali, kisha nitamwuliza kama bado anataka.

Mimi,
Mjomba wa Riziki